Mlangoni pa Ukumbi: Tochi, Viti na Waliochelewa

Toleo lililopita niliandika kwamba anayewasha simu katikati ya mchezo anawanyang'anya walio nyuma yake giza walilolilipia. Barua zimenijia nyingi kuliko nilivyozoea, nyingine kali, na nashukuru kwa zote. Kwa msomaji anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: nilifanya kazi mlangoni mwa kumbi za maigizo hapa Nairobi kwa miaka 19. Miaka 13 ya kwanza nilikuwa mhudumu wa kuonyesha watu viti, na sita ya mwisho nilikuwa msimamizi wa ukumbi. Ninayoyajua niliyajulia pale, nikiwa nimesimama.

*Mama, nilitoka Rongai saa kumi na nusu kuja kutazama mchezo wa saa kumi na mbili na nusu pale Ukumbi wa Taifa. Mvua ikanyesha, magari yakasimama Lang'ata Road, nikafika saa moja kasoro dakika kumi. Msichana wa mlangoni alikagua tiketi yangu ya shilingi 1,500 kisha akaniambia nisubiri. Nilisimama dakika 12 nikisikia watu wakicheka ndani. Kwa nini mtu aliyelipa azuiwe? — Msomaji, Ongata Rongai*

Pole kwa mvua, na pole zaidi kwa hizo dakika 12, maana kusikia kicheko usichokijua chanzo chake kunauma. Lakini yule msichana hakuwa anakuadhibu. Kabla ya onyesho la kwanza, msimamizi wa ukumbi hukaa na mwelekezi wa mchezo wakakubaliana mahali pa kuwaingizia waliochelewa. Aghalabu ni pale taa zinapobadilika, au wimbo unapoanza, au jukwaa linapopangwa upya. Mahali hapo hapachaguliwi ovyo. Mlango ukifunguliwa wakati watu wawili wananong'ona jukwaani, mwanga wa korido unaingia nao, vichwa thelathini vinageuka, na neno lililonong'onwa limepotea kwa watu wote. Waigizaji hawawezi kulirudia.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo hakuyafanya, na hapo ukumbi una deni kwako. Kwanza, alipaswa kukwambia utasubiri kwa muda gani. "Dakika kumi hivi, wimbo ukianza tu nakuingiza" ni maneno machache, na mtu akishajua hayo hasira hushuka. Pili, alipaswa kukupa habari ya mchezo. Mimi nilikuwa nawaambia waliochelewa, kwa sauti ya chini pale pale mlangoni: "Yule mwenye kofia ni baba mkwe. Barua imepotea, na mke anajua ilipo." Anayeingia akijua hayo hamsumbui jirani kwa kumuuliza kumetokea nini.

Sasa niseme na wenye maonyesho, kwa sababu jambo hili lina upande wa pili ambao hukuuliza. Mchezo ulioandikwa saa kumi na mbili na nusu uanze saa ngapi? Nimefanya kazi katika maonyesho yaliyocheleweshwa dakika 40 ili ukumbi ujae kidogo. Watu waliofika mapema, waliokula chakula chao mbio mbio, wengine wakiwa na watoto wa kulala saa tatu, walikaa wakitazama pazia. Wiki iliyofuata nao walikuja wamechelewa, na ni sisi tuliokuwa tumewafundisha. Mimi nilipokuwa msimamizi niliruhusu dakika tano, na mvua ikinyesha dakika kumi. Kisha taa zikazimwa hata kama nusu ya viti vilikuwa vitupu. Mwezi wa kwanza nilitukanwa. Kufikia mwezi wa tatu watu walikuwa wanafika.

*Mama, mume wangu hajui kunyamaza ukumbini. Juzi mhusika mmoja alikuwa anatia saini hati ya shamba, mume wangu akapaza sauti: "Usitie! Huyo mwizi!" Ukumbi mzima ukacheka, mimi nikaona haya. Rafiki yangu aliyeishi London anasema kule angetolewa nje. Je, sisi hatuna adabu ya ukumbi? — Mke, Buruburu*

Dada, usione haya. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa natabasamu.

Bibi yangu alitusimulia hadithi Pumwani, katika chumba kimoja, taa ya chemni ikiwa juu ya kabati. Akisema "Paukwa!" nasi tukikawia kuitika "Pakawa!", alinyamaza akaendelea kuchambua mchele. Hadithi haikuendelea mpaka tuitike. Hakuwa anatubembeleza. Kwake yeye, fanani asiyeitikiwa alikuwa anajisemea peke yake tu. Mumeo ameyanyonya hayo tangu utotoni, na hayamtoki kwa sababu ameketi kwenye kiti chenye namba.

Hata huyo rafiki yako wa London, mwambie kwamba ukimya anaousifu ni mgeni huko kwao. Zama za Shakespeare, watu waliolipa peni moja walisimama uani mbele ya jukwaa mchana kweupe, wakila, wakinywa na kuwajibu waigizaji. Taa za ukumbini kuzimwa watazamaji wakae gizani ni desturi iliyoshika mizizi karne ya kumi na tisa. Richard Wagner, mtunzi wa opera, aliweka watu gizani katika jumba lake la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Mwaka 1881 jumba la Savoy la London likaingiza taa za umeme, na kuzima na kuwasha kukawa rahisi. Giza lilipokuja, ukimya ukalifuata. Ni desturi nzuri kwa michezo inayoihitaji, lakini adabu haikuzaliwa siku hiyo.

Na sisi tuna yetu. Mwaka 1976, pale pale Ukumbi wa Taifa, uliigizwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi. Wimbo wa mwisho ulipoimbwa, watazamaji waliinuka, wakajiunga na waigizaji, wakatoka nao wakiimba na kucheza hadi nje barabarani. Nilipoanza kazi wazee wa ukumbini walikuwa bado wanalisimulia hilo, na sikumsikia hata mmoja akisema watu wale walikosa adabu.

Sasa, ipo mipaka, nami niliijifunza kwa kuwatazama waigizaji nyuso zao. Mwigizaji hodari anajua kukipokea kicheko: kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka, naye anaingia na neno lake kikiwa bado kinashuka. Mtazamaji akimjibu mhusika mara moja, kwa moyo, mwigizaji hulipokea neno hilo vivyo hivyo, na mara nyingine humtazama mzungumzaji kidogo na ukumbi ukazidi kupamba moto. Mumeo aliposema "Usitie!" alikuwa anasema na mwenye shamba. Alikuwa ndani ya mchezo. Lakini nimeona watu ambao kicheko cha kwanza kiliwalevya. Mara ya pili wanasema kwa sauti kubwa zaidi, mara ya tano hawasemi tena na mhusika, wanasema na watazamaji. Hapo mtu ameanzisha mchezo wake mwenyewe, na hakuna aliyeulipia. Mtazame mumeo: akisema huku macho yake yako jukwaani, mwache. Akisema kisha akageuka kuangalia nani amecheka, mguse goti.

Mwingine nisiyemvumilia ni yule aliyeutazama mchezo Jumamosi akaja tena Jumapili na rafiki zake, na kabla ya kila tukio anawaambia litakalotokea. Huyo nilikuwa namwendea mwenyewe.

*Je, ni makosa kula krispi ukumbini? — Kijana, Umoja*

Ikiwa ukumbi unaruhusu chakula, kula. Ila ifungue pakiti kabla taa hazijazimwa, uimimine kwenye leso. Njugu karanga zilizokwisha kumenywa hazina shida yoyote.

*Dada yangu ni mwigizaji. Nilimrekodi dakika tatu nikaweka mtandaoni ili kumtangaza. Mhudumu alinijia akaniagiza nizime simu, na baadaye kikundi chao kikaniomba niondoe video. Kwani nilikuwa nawasaidia au nawaharibia? — Mdogo mtu, Kayole*

Nia yako nzuri, na mapenzi yako kwa dada yako yanaonekana. Lakini walikuwa na haki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi wa mchezo, na inampa mwigizaji pia haki juu ya uigizaji wake, kwamba asirekodiwe bila ridhaa. Dada yako angeweza kuridhia kwa upande wake. Wenzake wanne waliokuwa naye jukwaani hukuwauliza.

Sheria ikikaa kando, kuna jambo ambalo watu wa upande wa viti hawalioni. Taa zinapozimwa kati ya tukio moja na jingine, jukwaani kunabaki giza totoro, na ndani ya giza hilo watu wanatembea. Wanabeba meza. Wanashuka ngazi za nyuma wakiongozwa na vipande vidogo vya utepe unaong'aa vilivyobandikwa sakafuni. Jicho la binadamu huchukua dakika nyingi kulizoea giza, na mwanga mmoja mkali unalirudisha mwanzo papo hapo. Nilimwona binti mmoja akikosa kipandio baada ya mtu wa safu ya pili kumpiga picha kwa mweko. Alimaliza mchezo akiwa amekaa kwenye kiti ambacho hakikuwa katika hadithi, kwa sababu kifundo chake kilikuwa kimevimba, na watazamaji hawakujua.

Muulize dada yako kama kikundi kina siku ya picha. Vikundi vingi huwaita wapiga picha kwenye mazoezi ya mwisho yenye maleba, yaani mavazi ya mchezo, na taa kamili, na hapo utapata picha nzuri kuliko hiyo ya safu ya kumi.

*Mama, hili naomba unijibu bila kuficha. Nililipia tiketi kwa M-Pesa, nikamwonyesha mhudumu ujumbe mlangoni, akaandika namba yangu ya simu kwenye daftari. Usiku nikapata ujumbe wa WhatsApp: "Lile gauni la kijani limekupendeza. Tunaweza kuonana?" Sikujibu. Kesho yake akatuma tena. Sasa naogopa kurudi ukumbi ule. — Msomaji wa kike, Kilimani*

Binti yangu, barua hii nimeiweka mezani siku mbili kabla ya kuijibu, kwa sababu nilitaka hasira zangu zipungue. Hazijapungua sana.

Hukukosea popote, wala gauni halikukosea. Namba yako uliitoa ili upite mlangoni, na kazi yake ilikwisha ulipoketi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtu zilizokusanywa kwa shughuli moja zisitumiwe kwa nyingine isiyolingana nayo. Usimjibu huyo mtu, wala usimtukane. Zihifadhi picha za ujumbe wote, pamoja na ule wa malipo unaoonyesha tarehe na saa. Uandikie uongozi wa ukumbi na kikundi kilichokodi ukumbi, wote wawili, ukieleza mchezo ulikuwa upi, saa ngapi na mlango gani, na uombe jibu la maandishi. Wakikupuuza, ipo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko kama haya. Na ukitaka kurudi kutazama mchezo, rudi, na rafiki yako aandamane nawe. Ukumbi si wake.

Kwa wasimamizi wanaosoma hapa nina ombi moja, na sitaki liahirishwe hadi mwaka ujao: ondoeni namba za simu kwenye daftari la mlangoni. Ujumbe wa M-Pesa una msimbo wa muamala wenye jumla ya herufi na tarakimu kumi. Huo msimbo peke yake unatosha kuthibitisha malipo, na hauwezi kupigiwa simu. Enzi zetu tulichana tiketi ya karatasi, mgeni akabaki na kipande chake nasi na chetu, na hakuna mhudumu aliyejua mtu anaishi wapi. Jambo hilo jema lisipotee kwa sababu tumehamia simu.

*Mimi ni mwalimu. Nilileta wanafunzi 84 wa Kidato cha Nne kutazama tamthilia yao ya mtihani. Mama mmoja alipolia juu ya jeneza la mwanawe, wanafunzi wangu wakaangua kicheko. Mhudumu akaja akawafokea: "Nyinyi washamba, nyamazeni!" mbele ya shule nyingine tano. Walirudi wamenywea, wawili wakiniambia hawataki tena mambo ya jukwaa. Nifanye nini mwakani? — Mwalimu, Machakos*

Mwalimu, wanafunzi wako hawakucheka kwa kukosa utu. Niliwaona vijana wa umri huo kila mwaka, mamia kwa mamia, na kicheko hicho nakijua kama sauti ya mlango wangu. Huja mahali pale pale, kwenye kifo au kwenye mapenzi. Kijana ameisoma tamthilia hiyo darasani mara nne, ameandika insha za dhamira na wahusika, kisha ghafla mtu mzima mwenye machozi ya kweli yuko hatua sita mbele yake. Hajui auweke wapi uso wake. Jirani yake akikohoa tu, kicheko kinamtoka. Ukisikiliza vizuri utasikia kina hofu ndani yake.

Tamasha za drama za shule zimekuwapo nchini tangu 1959, na watoto wetu wanaigiza vizuri ajabu. Ila kutazama hawajafundishwa. Kwenye tamasha wanawatazama wenzao kama wapinzani, wakisubiri mtu asahau maneno. Kwa hiyo mwakani, siku moja kabla ya safari, tenga kipindi kimoja uwaambie mambo yatakayotokea: taa zitazima kabisa, msipige mayowe. Mtu atalia. Mwigizaji si televisheni, anawaona na anawasikia. Akili ikishaandaliwa, mwili hufuata. Halafu walimu wakae katikati ya wanafunzi, mmoja kila mwisho wa safu. Niliona walimu wengi wakijikusanya safu ya nyuma kabisa, wakisahihisha karatasi kwa mwanga wa simu, na shule zao ndizo zilizokuwa na kelele.

Huyo mhudumu alikosea, na ningekuwa msimamizi wake angerudi kwa wanafunzi wakati wa mapumziko kuwaomba radhi. "Mshamba" si neno la kumwita mgeni aliyesafiri tangu alfajiri kuja kwako. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa mwisho wa safu, tochi ikimulika chini, na kusubiri. Mara nyingi kuonekana tu kunatosha.

Nasema hivi nikikumbuka langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini niliona mwanga hafifu usoni mwa kijana mmoja safu ya pembeni, nikadhani ana simu. Nikamwendea nikammulika usoni. Hakuwa na simu. Ulikuwa mwanga wa jukwaani uking'aa kwenye machozi. Alikuwa analia kwa ajili ya mchezo, na mimi nikamwonyesha kwa safu nzima. Alitoka wakati wa mapumziko na hakurudi. Kesho yake nilifunika tochi yangu kwa karatasi nyekundu, na tangu siku hiyo sikuinyanyua juu ya goti la mtu. Waambie wale wawili kisa hiki, mwalimu, na uwaambie kuna mama Nairobi anayewaomba warudi.

*Mimi ni mhudumu, nalipwa kwa onyesho. Ijumaa mzee mmoja mwenye cheo alikalia kiti cha safu ya mbele ilhali tiketi yake ni ya safu ya tano. Nilipomwambia, akaniuliza, "Unajua mimi ni nani?" Wenye kiti, mume na mke, walikuwa wamesimama wananitazama. Msimamizi akaniambia nimwache mzee, niwapeleke wale wawili nyuma. Wakanifokea mimi. Ningefanyaje? — Mhudumu, Eastlands*

Ndugu yangu, aliyekosea hapa ni msimamizi wako. Wewe uliachwa peke yako kati ya watu wazima watatu wenye hasira.

Nikueleze nilivyofanya mimi. Kwanza, sikuwahi kusema na mtu aliyeketi nikiwa nimesimama juu yake. Nilishuka hadi uso wangu ukawa chini ya wake. Sikumwambia ametoka wapi wala aende wapi. Nilisema, "Mzee, naomba nione tiketi yako nihakikishe nimekupa kiti chako." Kosa nalibeba mimi, naye anapata njia ya kuinuka bila kuaibika. Wengi huinuka. Akikataa, nawageukia wenye kiti na kuwasindikiza kando, wasibaki wamesimama mbele ya watu, kisha namwita msimamizi aje mwenyewe. Ikifika hapo si kazi ya mhudumu anayelipwa kwa onyesho. Na msimamizi mwenye akili anakuwa na viti vya akiba, viwili au vinne vizuri, visivyouzwa mpaka pazia lifunguke. Mzee akikataa kabisa, wale wenye haki hupewa viti vya akiba na samahani ya msimamizi kwa mdomo wake mwenyewe. Wanaporudishwa nyuma ni wao wanaoadhibiwa.

Muulize msimamizi wako, kwa upole, katika kikao cha kabla ya onyesho, viti vya akiba viko wapi. Usimuulize siku ya ugomvi.

Nawe pia nakuuliza: unakula nini? Wahudumu wengi wa Nairobi hufika saa nane mchana kwa onyesho la saa tisa, wakaunganisha na la saa kumi na mbili na nusu, wakatoka saa tatu usiku bila hata chai. Kisha tunashangaa wakiwa wakali. Nilipigania chai na mandazi mawili kwa kila mhudumu kati ya maonyesho, ikachukua miezi kadhaa kukubaliwa, na malalamiko ya wageni yalipungua kuliko mafunzo yoyote niliyotoa.

*Ukumbi ulijaa, wakatuongezea viti vya plastiki kwenye njia ya katikati. Niliona ni ukarimu. Mwenzangu alikasirika akaondoka. Nani ana haki? — Msomaji, South B*

Mwenzako. Tarehe 30 Desemba 1903, katika jumba la Iroquois huko Chicago, Marekani, moto uliwaka jukwaani wakati wa onyesho la mchana lililojaa kina mama na watoto. Jumba lilikuwa jipya, lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu uliotangulia. Walikufa watu zaidi ya 600, wengi wao wakiwa wamesongamana kwenye njia na kwenye milango iliyofungwa. Njia ya katikati ni ya miguu. Ukiona kiti humo, usikikalie, na ukiona mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, mwite msimamizi kabla ya mchezo kuanza na usikae mpaka ufunguliwe. Hapa sina upole.

*Baba yangu ana miaka 78. Aliendesha lori maisha yake yote na hajawahi kuingia ukumbi wa maigizo. Anatembea kwa mkongojo, goti la kulia halikunjiki, na anakohoa. Nataka kumpeleka lakini nahofia tutawasumbua watu. — Binti yake, Kariobangi South*

Mpeleke. Mchukulie onyesho la Jumapili la saa tisa alasiri, barabara zikiwa nyepesi, na mchezo uwe wa Kiswahili au lugha yenu. Siku moja kabla, wapigie simu uulize ngazi ni ngapi, kama kuna njia isiyo na ngazi, na choo kiko umbali gani. Katiba yetu, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma, kwa hiyo usiulize kama mtu anayeomba hisani. Uliza kama mgeni anayepanga safari.

Mkatie kiti cha mwisho wa safu, upande ambao njia itakuwa kuliani kwake, ili lile goti linyooke nje bila kukanyagwa. Fikeni nusu saa mapema. Mwambie mhudumu, "Huyu ni baba yangu, akitaka kutoka tutapitia mlango gani?" Mhudumu mzuri atamkumbuka na atakuja mwenyewe. Mkongojo ulazwe chini ya kiti, usiegemezwe, maana ukianguka gizani unalia kama bunduki. Ukipigwa wimbo wa taifa kabla ya mchezo, mzee wa rika lake atataka kusimama, basi anza kumwinua mapema, na asipoweza mwambie kukaa wima kunatosha.

Kikohozi hakimsumbui mwigizaji kama unavyofikiri. Kikiwa kirefu, tokeni taratibu, mkanywe maji, mrudi mhudumu atakapowaashiria. Peremende zake za koo zifunguliwe makaratasi nyumbani, uziweke kwenye leso safi, na leso hiyo iwe mkononi mwako.